JIFUNZE UFUNDI: Mistari ya Kati na Vipimo vya Matundu

Flanji ni bamba la duara lenye matundu ya bolti, linalounganisha mabomba mawili. Matundu yakikosewa, bolti haziingii, na chuma kilichonunuliwa kwa fedha za mteja kinakuwa chakavu. Kwa karakana ndogo ya Mikindani, hiyo ni hasara kubwa. Kosa hilo linaweza kuzuiliwa kwenye mchoro, kabla ya keekee kuwashwa.

Tuchukue flanji ya PN16 ya bomba la maji la milimita 100. Kipenyo chake cha nje ni milimita 220. Ina matundu 8 ya milimita 18, kwa bolti za M16.

1. Anza na kitovu. Chora mistari miwili ya kati inayokatana, mmoja wa wima na mwingine wa mlalo. Iwe myembamba, yenye kistari kirefu na kifupi kwa zamu, isidhaniwe kuwa kingo za chuma.

2. Kwa mstari wa aina hiyo hiyo, chora duara la bolti lenye kipenyo cha milimita 180. Vitovu vya matundu yote hukaa juu yake.

3. Gawanya nyuzi 360 kwa 8, upate 45. Kwa kawaida ya mabomba, matundu hukaa kando ya mstari wa kati, si juu yake. Hivyo tundu la kwanza liwe nyuzi 22.5 kutoka mstari wa wima.

4. Andika vipimo mara moja tu: matundu 8, kipenyo 18, duara la bolti 180. Usipime kutoka tundu hadi tundu. Kosa la nusu milimita likirudiwa mara 7 hufika milimita 3.5, ilhali nafasi ya bolti ndani ya tundu ni milimita 2 tu.

Wanaotumia AutoCAD, kuanzia toleo la 2017, wana amri ya CENTERMARK. Alama yake hulifuata tundu likihamishwa.

Taja pia aina ya flanji. Ile ya Kimarekani ya inchi 4, daraja la 150, nayo ina matundu 8, lakini duara lake la bolti ni milimita 190.5. Kwa macho zinafanana, ila hazifungiki pamoja.

Mteja naye anaweza kukagua kazi kwa futi. Kati ya kingo za ndani za matundu mawili yanayotazamana, apate milimita 162. Asipopata, asichukue mzigo.