Kupunguza Uzito: Mpango wa Siku 30 au Sufuria ya Nyumbani?

Kila Januari huwa hivyo. Karatasi ya "lishe ya siku 30" huanza kuzunguka kwenye simu, kutoka Mwingi hadi Mtito Andei. Asubuhi mayai mawili na parachichi, mchana samaki wa kuoka na brokoli, jioni supu isiyo na chumvi. Ugali marufuku, chapati marufuku, hata maharagwe yamepigwa marufuku. Wiki mbili za kwanza mizani inashuka na majirani wanasifu. Kufikia Pasaka wengi huwa wamerudi walikotoka, na baadhi yao wameongeza.

Somo la toleo hili linawahusu wakazi wanaotaka kupunguza uzito na hawajui washike lipi: mpango maalumu wenye masharti na ratiba, au mabadiliko madogo ya chakula cha kila siku yatakayodumu miaka. Si swali la urembo peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2008-09 ulionyesha kuwa robo ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Mwaka 2014 walikuwa wamefika theluthi moja. Mwaka 2015, utafiti mwingine wa kitaifa kuhusu visababishi vya magonjwa yasiyoambukiza ulipata kwamba asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia, wanawake wakiwa asilimia 38.5 na wanaume 17.5. Karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na presha.

Kwa Kitui kuna jambo jingine la kufikiria. Katika utafiti huo wa 2014, takriban asilimia 46 ya watoto wa kaunti hiyo walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa nchini. Mtoto aliyedumaa na mzazi aliyenenepa kupita kiasi wanaweza kabisa kuwa wanapakua chakula kwenye sufuria moja. Kwa hiyo shilingi inayotolewa kununulia mtu mmoja brokoli na samaki wa barafu inatoka mahali, na mara nyingi inatoka kwenye maziwa au mayai ya mtoto.

Kwa nini mizani hushuka haraka mwanzoni

Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, na akiba hiyo haikai peke yake: kila gramu moja hushikana na takriban gramu tatu za maji. Mtu akiacha ghafla ugali, wali na chapati, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka kwa mkojo. Kilo mbili zinaweza kupotea ndani ya wiki moja huku mafuta ya tumboni yakiwa yamepungua kidogo sana. Siku atakaporudi kwenye ugali, maji yatarudi nayo. Hapo ndipo watu hukata tamaa na kusema mwili wao "haukubali kupungua", ilhali mwili umefanya ulichoumbwa kufanya.

Chai za "kusafisha tumbo" zinazouzwa kwa ahadi kama hiyo hazistahili maneno mengi. Nyingi huharisha tu. Kinachopotea ni maji na chumvi za mwili, na pesa.

Je, kuna mpango unaoshinda mingine?

Swali hili limepimwa mara nyingi, na jibu lake ni la kushangaza kwa wanaopenda kubishania keto. Huko Boston, Marekani, watu 160 waligawiwa mipango minne maarufu, ukiwemo wa Atkins unaokata wanga na wa Ornish unaokata mafuta. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Baada ya mwaka mmoja, wastani wa waliopungua ulikuwa kati ya kilo 2 na kilo 3.5 hivi katika mipango yote minne, na zaidi ya watu wanne kati ya kumi walikuwa wamejiondoa. Kilichotofautisha aliyepungua sana na aliyepungua kidogo hakikuwa jina la mpango. Kilikuwa ni kiasi alichoufuata.

Mwaka 2018 watafiti wa Stanford walirudia swali hilo kwa watu 609. Kundi moja lilipunguza mafuta, lingine likapunguza wanga. Baada ya miezi 12, wa mafuta walikuwa wamepungua wastani wa kilo 5.3 na wa wanga kilo 6.0, tofauti isiyo na uzito wowote kitakwimu. Makundi yote mawili yalikuwa yamefundishwa kula mboga kwa wingi na kupunguza sukari, unga mweupe na vyakula vya viwandani. Hapo ndipo pa kutazama, kuliko kwenye ugomvi wa wanga na mafuta.

Basi anayechagua ajiulize kwanza: je, nitaweza kula hivi mwezi wa Agosti, wakati mvua za Machi hadi Mei zimekuwa haba na ghala linaelekea kuisha? Nitaweza kula hivi kwenye matanga, kwenye harambee, kwa mama mkwe? Mpango usioweza kuvuka kiangazi cha Ukambani ni mpango wa wiki chache, hata ukiwa umeandikwa na daktari bingwa.

Sufuria yenyewe

Habari njema ni kwamba chakula cha huku, kwa asili yake, si adui. Isyo, yaani mahindi na maharagwe au kunde vilivyochemshwa pamoja, ni chakula chenye nyuzinyuzi na protini, hukaa tumboni na hakimwachi mtu akitafuta mandazi saa nne. Ndengu, kunde na mbaazi, zile ambazo wenyeji huziita nzuu, ni mazao ambayo Kitui na Makueni huyalima kuliko kaunti nyingi. Mtama na mawele pia. Mtaalamu wa lishe wa ng'ambo angelipia pesa nyingi kupata kapu kama hilo.

Muthokoi, ambao ndio fahari ya meza ya Mkamba, unahitaji maelezo kidogo. Mahindi yake yametwangwa na kuondolewa ganda, na pamoja na ganda huondoka sehemu kubwa ya nyuzinyuzi na baadhi ya vitamini. Ndiyo maana ni mlaini na mtamu, na ndiyo maana sahani yake ya pili hushuka bila mtu kuhisi. Hakuna sababu ya kuuacha. Uongezwe mbaazi au kunde hadi zikaribie kulingana na mahindi, uwekwe mboga za majani, na isyo ichukue zamu yake siku nyingine za wiki. Vivyo hivyo kwa unga: wa kusagiwa kwenye kinu cha mtaani bila kukobolewa hushibisha kuliko mweupe wa pakiti, na kwa kawaida huwa nafuu kwa aliye na mahindi yake.

Tatizo kubwa zaidi lipo kwenye chupa ya mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini ina 4. Tuchukue familia ya watu watano inayomaliza lita nne za mafuta ya kupikia kwa mwezi. Hiyo ni takriban kalori 220 kwa kila mtu kila siku, kutoka kwenye mafuta pekee, kabla ya kuhesabu kijiko kimoja cha chakula. Wakishuka hadi lita mbili, kila mmoja amepunguza kalori 110 kwa siku bila kubadilisha mlo hata mmoja, na pesa zimebaki mfukoni. Njia ni rahisi: kijiko kipime, chupa isimiminwe. Sukuma wiki haihitaji kuogelea. Majani ya kunde, yawe mabichi au yale yaliyokaushwa kwa ajili ya kiangazi, huiva vizuri kwa kitunguu, nyanya na kijiko kimoja cha mafuta. Angalizo moja: mtoto wa chini ya miaka miwili anahitaji mafuta ili akue, kwa hiyo chake kiongezwe kwenye bakuli lake.

Kisha chai. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni vijiko tisa, karibu gramu 36. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama vijiko sita. Anayekunywa chai hivyo amepita kabla hajagusa soda, na soda ya nusu lita inaweza kuwa na vijiko zaidi ya 10. Kupunguza kijiko kimoja kila wiki mbili huwa kwepesi kuliko kuacha kwa mkupuo, ulimi huzoea. Chupa ya bia ya nusu lita nayo hubeba takriban kalori 200, jambo ambalo wanaume wanaolaumu ugali wa mke hawalitaji.

Maembe ya Makueni yaliwe, tena kwa furaha msimu ukifika. Yaliwe kama tunda, yasigeuzwe juisi: glasi moja humeza maembe kadhaa na kuacha nyuzinyuzi kwenye chujio.

Kwenye sahani, kipimo kisichohitaji mizani ni hiki: nusu iwe mboga, robo iwe ugali, wali au viazi, robo iwe ndengu, maharagwe, kuku, samaki au nyama. Wengi wetu tumelelewa na sahani ya kinyume, ugali mlima na mboga kando kama kitoweo cha heshima. Kuigeuza huchukua muda, na nyumba nzima ikigeuza pamoja hakuna anayepikiwa sufuria yake peke yake.

Pale mpango maalumu unapofaa

Isidhaniwe kwamba mipango yenye masharti haina kazi. Kuna watu wanaoihitaji. Mwaka 2017 utafiti uliofanyika Scotland na kaskazini mwa Uingereza uliwapa watu wenye kisukari cha aina ya pili vinywaji maalumu vya takriban kalori 850 kwa siku mahali pa chakula chote, kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha chakula kikarudishwa polepole. Baada ya mwaka mmoja karibu nusu yao, asilimia 46, sukari yao ilikuwa imerudi chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa. Lakini walikuwa wamegunduliwa kuwa na kisukari ndani ya miaka sita, hawakuwa wakitumia insulini, na walifuatwa na wauguzi na wataalamu wa lishe tangu siku ya kwanza. Dawa zao zilisimamishwa na daktari, si na jirani.

Hapo ndipo hatari ya karatasi ya WhatsApp ilipo. Mtu anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, akianza kufunga au kukata wanga ghafla huku akiendelea na dozi ile ile, sukari yake inaweza kushuka hadi akazimia. Anaanza kwa kutetemeka, jasho jembamba na kuchanganyikiwa. Akiwa peke yake shambani, huenda asipate wa kumpa hata maji ya sukari. Mwenye presha anaweza kupata kizunguzungu dawa zikizidi mwili uliopungua. Mjamzito na anayenyonyesha wasianze mpango wa kupunguza uzito bila ushauri wa kliniki, na vijana wanaokua vilevile.

Kwa asiye na ugonjwa, lengo la kiasi hutosha. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wenye washiriki zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, uliwataka wapunguze asilimia 7 ya uzito na watembee au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Waliopewa mafunzo hayo walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, wakawashinda waliopewa dawa, ambao walipunguza kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 85, asilimia 7 ni kilo sita tu. Dakika 150 ni nusu saa siku tano: aliyehama shamba la matuta akafungua duka Wote au Kitui mjini, na sasa anapanda bodaboda kwenda na kurudi, anaweza kuzipata kwa kushuka mapema njiani.

Washiriki hao hawakuachwa peke yao pia. Walikutana na mshauri mara kwa mara. Ukambani una mwethya, utamaduni uliochimba matuta ya vilima hivi kwa mikono ya majirani. Kikundi cha akina mama kinachokutana kila wiki kwa ajili ya akiba kinaweza kupimana viuno dakika tano kabla ya hesabu. Kitakuwa pia kinga dhidi ya maneno, maana huku mtu akipungua huulizwa kama ni mgonjwa, na wapo waliorudia chapati ili tu kunyamazisha uvumi.

Kiuno hupimwa kwa utepe wa fundi cherehani, juu kidogo ya nyonga, pumzi ikiwa imetoka. Kwa mwanamke, sentimita 80 kwenda juu ni ishara ya hatari kuanza kupanda. Kwa mwanamume ni 94. Mashine za kupima presha na sukari zipo kwenye vituo vya afya, na tangu Septemba 2023 zimewekwa pia kwenye mikoba ya wahudumu wa afya ya jamii. Aliye na dawa za sukari au za presha nyumbani aende navyo vidonge vyake, aonyeshe na karatasi ya mpango anaotaka kuufuata, kabla ya kuruka mlo wa kwanza.