Chipu Imegoma Kuitika

Swali: Natumia STM32CubeIDE na bodi ya STM32F103. Programu ya kwanza iliingia vizuri, sasa ST-LINK haiioni chipu kabisa. Nimeiunguza?

Jibu: Hapana, ni nzima. Programu yako ndiyo iliyoifungia mlango. ST-LINK huwasiliana na chipu kupitia pini PA13 na PA14. Ukiacha mipangilio ya SYS ilivyo, bila kuchagua Serial Wire, msimbo unaozalishwa huzima njia hiyo mara chipu inapowaka. Mtego wa ajabu kumwekea mwanagenzi!

Hamishia jampa ya BOOT0 kwenye 1, bonyeza kitufe cha riseti. Chipu itaendesha programu ya kiwandani badala ya yako, na ST-LINK itaiona. Chagua Serial Wire, zalisha msimbo upya, pakia, kisha rudisha BOOT0 kwenye 0.