Kuagana si Kuzikana: Lugha ya Hotuba za Maagano katika Klabu za Michezo Jijini Nairobi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza lugha inayotumiwa kumuaga mwanachama wa klabu ya michezo anayehamia ng'ambo. Mazingira tunayoyaangazia ni Nairobi, hususan katikati ya jiji na mitaa ya upande wa magharibi. Huko ndiko kuliko viwanja vya raga vya Barabara ya Ngong kama vile RFUEA na Impala Club, uwanja wa Railway Club ambao umekuwa makao ya timu ya Mwamba, na viwanja vya vumbi vya Kawangware na Kangemi ambako vijana husakata soka kila wikendi. Katika klabu hizi, kubwa kwa ndogo, ni jambo la kawaida mchezaji kuondoka: huyu amepata mkataba, yule nafasi ya masomo, mwingine kazi. Wenzake hukusanyika, huchanga nauli, hula pamoja, kisha mtu husimama na kusema.

Hoja yetu ni kwamba msemaji huyo, anapoamua kutumia Kiswahili rasmi, aghalabu huazima msamiati, nyakati za vitenzi na hata muundo wa taabini. Mtu aliye hai, mwenye pasipoti na tiketi mkononi, husemewa maneno ya kaburini. Kasoro hii si ya mtindo peke yake. Hotuba ya maagano ndiyo inayoamua, mbele ya mashahidi, iwapo anayeondoka bado ni mwanachama au amekwisha kufutwa katika daftari. Kwa hiyo inafaa mwanafunzi wa Kiswahili aipe uzito unaoistahiki.

2.0 Kwa nini lugha ya msiba?

Tunaona sababu tatu. Kwanza, Kiswahili rasmi cha kutengana ambacho Wakenya wengi wamekisikia tangu utotoni ni kile cha matangazo ya vifo redioni na cha hafla za mazishi. Pili, wanafunzi waliopitia mfumo wa 8-4-4 walifundishwa taabini miongoni mwa insha za kiuamilifu. Waliifanyia mazoezi, nayo ikawakaa akilini. Tatu, hafla nyingi za klabu za jiji zimezoea kuendeshwa kwa Kiingereza, na mazungumzo ya uwanjani huwa kwa Sheng. Msemaji anayetaka Kiswahili cha heshima hukosa kielelezo cha karibu, akakimbilia kile anachokijua.

Ndipo tunaposikia kwamba mchezaji ni "mpendwa wetu", kwamba "ametuacha", kwamba "ameacha pengo lisilozibika" na kwamba "tutamkumbuka daima". Kila mojawapo ya kauli hizi ni Kiswahili sanifu. Tatizo ni mahali zinapotumiwa. Kauli ya pengo lisilozibika, kwa mfano, inamfariji mfiwa kwa kukiri ukubwa wa alichopoteza. Ikitamkwa klabuni, humdhalilisha kijana atakayevaa jezi hiyo Jumamosi ijayo. Anaambiwa mbele ya kadamnasi kwamba hata afanye nini hatatosha.

3.0 Msamiati wa maagano

3.1 Aga, agana, agano

Kitenzi aga kina maana ya msingi ya kutoa taarifa ya kuondoka. Hata hivyo, katika Kiswahili cha Kenya kitenzi hiki kimeelemewa na maana ya kifo. "Ameaga dunia" imefupishwa kuwa "ameaga", na msomaji wa gazeti akiona kichwa kisemacho kwamba mchezaji fulani ameaga, hatauliza amekwenda nchi gani. Atauliza atazikwa lini. Kwa sababu hiyo, katika muktadha wetu ni salama zaidi kutumia umbo la kutendana: "tumeagana naye", "tunakutana ili tuagane".

Umbo hili lina faida nyingine. Kuagana hakumaanishi kupeana kwaheri tu; humaanisha pia kupatana na kuahidiana, na humo ndimo linamotoka neno agano. Waliotutangulia katika lugha hii hawakuona ajabu kulitumia neno moja kwa kutengana na kwa kupeana ahadi, kwani watu wanaotarajia kuonana tena hawatengani bila miadi. Hotuba isiyo na ahadi yoyote, kutoka upande wowote, imetimiza nusu tu ya maana ya kitenzi chake.

3.2 Kwaheri na buriani

Kwaheri ni dua: anayeondoka anatakiwa heri. Ikiongezewa "ya kuonana", dua hiyo hupata tumaini la kukutana tena. Buriani nayo imefungamana na kutakana radhi, kusameheana kabla ya kutengana ambako huenda kukawa kwa mwisho. Ndiyo maana hutumika sana kwa wanaokata roho na kwa marehemu. Hatusemi kwamba buriani ni marufuku. Mchezaji aliyekosana na wenzake anaweza kuitumia vyema kuomba radhi kabla ya safari. Tunachopinga ni kuiteua kwa sababu tu inasikika tamu kuliko kwaheri.

3.3 Ng'ambo, ughaibuni, majuu

Maneno haya matatu yanaelekeza kwenye nchi za nje, lakini kila moja linamweka msafiri mahali tofauti. Ng'ambo ni upande wa pili wa maji, uwe ni wa mto, mkondo au bahari. Kisiwani Unguja, mtaa wa Ng'ambo ulipata jina lake kwa kuwa upande wa pili wa hori lililoutenga na Mji Mkongwe. Aliye ng'ambo huweza kuitwa, akaitika. Ughaibuni limetokana na ghaibu, yaani hali ya kutokuwepo au kutoonekana. Ni neno rasmi na lina nafasi yake, ila linasisitiza kutoonekana. Majuu ni neno la mitaani, changamfu na lenye utani, lakini linawaweka wanaobaki chini. Nahodha akimtania rafiki yake kwa neno hilo, wote watacheka. Mwenyekiti wa klabu akilitumia katika hotuba rasmi, atakuwa amewaambia wachezaji wake kwamba klabu yao ni bondeni, na kila mwenye akili hana budi kupanda.

Hali kadhalika tutazame vitenzi vya kurasa za michezo. Wanahabari wetu hupenda kusema mchezaji "amegura" klabu au "ameyoyomea" Ulaya. Kuyoyoma ni kutoweka machoni. Vitenzi hivi vinafaa habari, kwa kuwa habari hutaka mwendo. Havifai hotuba ya maagano, kwa sababu vinasimulia kuondoka kusiko na anayesindikiza.

4.0 Nyakati za vitenzi

Taabini hutawaliwa na wakati uliopita: alizaliwa, alisoma, alichezea, alitupenda. Ni sawa, kwa sababu maisha yanayosimuliwa yamefika tamati. Hotuba ya maagano inahitaji mgawanyo tofauti. Hali timilifu ya -me- hueleza aliyoyatenda ambayo athari yake ingalipo: "ametufundisha kufika mapema". Wakati uliopo hueleza uanachama wake: "ni mwenzetu", si "alikuwa mwenzetu". Wakati ujao wa -ta- hubeba ahadi: "tutamtembelea mama yako". Mwanafunzi anayetaka kuipima hotuba aliyoandika na apigie mstari vitenzi vyake. Akikuta karibu vyote vina -li-, ajue ameandika taabini.

5.0 Walioondoka hawakupotea

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni matumaini matupu, na kwamba wanaoondoka kwa kweli hupotea. Historia ya soka ya Nairobi inatupa mifano ya kinyume. Michael Olunga, aliyesomea shule ya Upper Hill na baadaye akawa mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, katikati ya jiji, aliifungia Gor Mahia mabao 19 katika ligi ya mwaka 2015, msimu ambao klabu hiyo ilitwaa ubingwa bila kushindwa hata mechi moja. Mwaka 2016 alihamia Djurgården ya Uswidi. Alipita China, akacheza Girona ya Uhispania, kisha akaenda Kashiwa Reysol ya Japani. Huko, tarehe 24 Novemba 2019, alifunga mabao manane katika mechi moja waliyoshinda 13-1, na mwaka 2020 akawa mfungaji bora wa ligi kuu kwa mabao 28 na mchezaji bora wa msimu. Mwaka 2021 alijiunga na Al-Duhail ya Qatar. Katika miaka hiyo yote alikuwa akirudi nyumbani kuichezea Harambee Stars, akafikia kuwa nahodha wake.

Dennis Oliech naye aliondoka akiwa kijana, akaenda Qatar, kisha Ufaransa alikochezea Nantes na Auxerre. Mwaka 2019 alirejea katika ligi ya Kenya akivaa jezi ya Gor Mahia. Wangekuwapo waliomtolea taabini alipoondoka, wangelazimika kumpokea kama aliyefufuka.

Methali zetu zilikwisha kuyaona haya. Ni kweli ipo isemayo kwamba asiyekuwepo na lake halipo, na klabu nyingi huifuata bila kuitamka: jina hufutwa, salamu hukoma. Lakini ipo pia isemayo kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Baharia hutembea nyuma na mbele ya chombo, na mwishowe hurudi ndani yake. Kazi ya msemaji ni kuchagua ni methali ipi kati ya hizi ataiachia klabu yake.

6.0 Muundo na kielelezo

Tunapendekeza hotuba ya maagano iwe na hatua tano: kuwatambua waliohudhuria, kueleza safari waziwazi, yaani nani anakwenda wapi na kwa shughuli gani, kutaja tendo moja au mawili mahususi ya mwanachama, badala ya sifa za jumla, kumwagiza na kumwahidi, na kumtakia heri. Ifuatayo ni hotuba ya kubuni ya nahodha wa timu ya soka ya wanawake mtaani Kangemi.

"Mwenyekiti wa klabu, kocha wetu, wazazi wetu mliofika, na dada zangu wachezaji, hamjambo. Tumekutana kuagana na kipa wetu. Wiki ijayo anasafiri kwenda Kanada kusomea uuguzi. Kwa misimu sita amesimama langoni petu. Ndiye anayefika uwanjani wa kwanza na kuokota mawe mbele ya lango kabla sisi wengine hatujafunga kamba za viatu. Siku tuliyofungwa mabao manne, hakumlaumu beki yeyote. Alituuliza kama tumekula. Tabia hiyo ametuachia, nasi tutaitunza.

"Dada, tunakuagiza mambo matatu. Soma kwa bidii. Tafuta timu huko uendako, usikae peke yako chumbani na baridi. Na kila mwanzo wa msimu utupigie simu uzungumze na kipa mpya, maana yapo mambo ya langoni ambayo sisi wa mbele hatuwezi kumfundisha. Nasi tunakuahidi mawili. Mama yako hatakosa wa kumjulia hali kila mwezi. Na jina lako halitoki katika daftari la wanachama, kwa hiyo hata ada utaendelea kulipa kama sisi! Jezi namba moja tunamkabidhi mdogo wako aliyeketi pale nyuma. Yeye hakuja kuziba pengo. Amekuja kulinda lango, na wewe ndiwe uliyemfunza. Milima haikutani, binadamu hukutana. Nenda salama. Kwaheri ya kuonana."

Msomaji atambue kwamba hotuba hii haikosi huzuni. Huzuni imo katika mawe yanayookotwa na katika swali la kama wamekula, wala haikuhitaji kutangazwa. Atambue pia kwamba sehemu ya maagizo na ahadi imechukua nafasi kubwa kuliko sifa. Zaidi ya hayo, kuna jambo ambalo taabini haiwezi kuwa nalo kamwe, nalo ni jawabu. Marehemu hajibu. Msafiri hupewa nafasi ya kusimama, kushukuru, kuomba radhi palipo na haja, na kuyakubali au kuyapunguza aliyoagizwa. Ratiba ya hafla isiyompa nafasi hiyo inamfanya awe kama jeneza lililowekwa mbele ya watu.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba hotuba ya maagano ni utanzu unaojitegemea, wenye msamiati wake, nyakati zake za vitenzi na muundo wake, na kwamba kuuchanganya na taabini kunamdhuru anayeondoka na wanaobaki. Walimu wa Kiswahili wanaweza kuufundisha sambamba na taabini ili tofauti zidhihirike. Nao wanafunzi walio wanachama wa klabu, vyuoni na mitaani, wasisubiri silabasi. Msimu ujao hautaisha bila mwenzao mmoja kufunga virago, na mtu atatakiwa kusimama.

Mazoezi

1. Geuza sentensi hizi ziwe za maagano: (a) Mpendwa wetu alitufaa sana. (b) Ametuacha na pengo lisilozibika. (c) Tutamkumbuka daima.

2. Eleza tofauti ya kimaana baina ya "tumemuaga", "tumeagana naye" na "tumempa buriani".

3. Andika jawabu la kipa katika hotuba iliyo hapo juu. Akubali maagizo mawili na kuomba apunguziwe moja.