Neno "Sakini": Si Kukaa Tu



Neno hili si la kila siku. Barazani hatusemi "nasakini mtaa fulani", twasema "nakaa". Lakini kukaa kuna mengi: mtu hukaa kitini, hukaa siku tatu kwa shangazi yake, hukaa mjini miaka arubaini. Kusakini ni kufika mahali, kutua na kupafanya kwako. Mgeni wa siku tatu hakusakini. Ndiyo maana utalikuta zaidi vitabuni na katika hotuba: "Walihamia kisiwani wakasakini huko."

Asili yake ni Kiarabu, sakana, kwa herufi za sin, kaf na nun. Maana yake ya mwanzo ni kutulia baada ya mwendo. Nyote mwaijua sukuni, kile kiduara juu ya herufi: herufi isiyo na irabu imetulia. Humo ndimo limotoka neno maskani, na sakina, utulivu wa moyo, ambalo wasichana wengi wa pwani wamepewa kuwa jina. Hata maskini ni wa ukoo huu. Wanazuoni wa lugha husema ni mtu aliyetulizwa na ufukara, hana nguvu ya kuinuka. (Utulivu huo hakuna anayeutamani.)

Katika Qur'ani, Nabii Adam (A.S.) na mkewe waliamrishwa kwa kitenzi hiki kukaa Peponi (Al-Baqara, 35). Nabii Ibrahim (A.S.) alikitumia alipomwomba Mola wake baada ya kuwaacha baadhi ya dhuria wake katika bonde lisilo na mimea, Makka (Ibrahim, 37). Na katika Ar-Rum, 21, mume hutulia kwa mkewe kwa kitenzi hicho hicho.

Neno linageuka kuwa haki katika Suratut Talaq. Aya ya 6 inawaamrisha wanaume wawasakinishe wanawake waliowaacha pale wanapokaa wao wenyewe, kwa kadiri ya uwezo wao, wala wasiwatie dhiki. Kuhusu aliyeachwa talaka tatu wanazuoni wametofautiana. Aliye katika eda ya talaka rejea, maskani ni haki yake, na aya ya 1 imekataza kumtoa nyumbani, isipokuwa akifanya uchafu ulio wazi. Basi mume anayemwacha mtalaka wake chumbani, kisha akafunga jiko na kumkatia maji, huyo amemweka tu, hakumsakinisha.