Kumfundisha Mdogo Wako Kukata kwa Makasi

Tazameni makasi, watoto. Ni visu viwili vilivyofungwa pamoja kwa msumari mmoja. Ukifungua mkono, vinaachana. Ukifumba, vinakutana na kukata. Wewe mwanafunzi mkubwa waona ni kazi nyepesi. Lakini mpe mdogo wako wa miaka minne makasi hayo: atayashika kwa mikono miwili, naye atatoa ulimi nje kwa taabu!

Si mjinga. Vidole vyake havijapata nguvu, tena mikono yake haijazoea kufanya kazi mbili mbalimbali wakati mmoja. Maana mkono mmoja hufungua na kufumba, na wa pili hushika karatasi na kuigeuza. Kazi ya mkono huo wa pili watu huisahau.

Basi usianze na makasi. Hapa Kabambare, mtoto anayemenya karanga pamoja na mama, anayechambua mchele na kutoa mawe, vidole vyake viko shuleni tayari. Mwaka 1907 Maria Montessori, mwanamke daktari wa Italia, alifungua nyumba ya watoto katika mji wa Roma. Huko wadogo walijizoeza kufunga vifungo vya nguo na kumimina maji pasipo kuyamwaga.

Kisha mpe mtoto makasi madogo yenye ncha butu, ukae karibu naye. Kidole gumba kiingie tundu la juu, kidole cha kati tundu la chini. Mpe ukanda wa karatasi wenye upana wa kidole, upate kukatika kwa pigo moja. Baadaye mchoree mstari mfupi. Duara lingoje hata miaka mitano au sita, nawe umwambie ageuze karatasi, siyo makasi. Akitembea, afumbe visu ndani ya ngumi.

Sasa niwaambie kosa langu. Zamani kalasini mwangu alikuwamo mtoto mmoja wa shoto. Kila mara karatasi yake ilikunjika katikati ya visu. Nilimwita mvivu, nikamlazimisha kushika makasi kwa mkono wa kuume. Alilia. Jioni, nikipanga vyombo, niliyashika makasi yale kwa mkono wa kushoto. Karatasi yangu nayo ikakunjika! Nikatazama vizuri: makasi yale yaliundwa kwa mkono wa kuume. Mkono huo, ukifumba, hubana visu pamoja. Mkono wa kushoto huvitenga, na kisu cha juu huficha mstari.

Wazee wanasema kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto si adabu, nasi twafuata. Lakini kukata karatasi si kumpa mtu chakula. Yako makasi ya watu wa shoto. Yasipopatikana, mtoto avute kidole gumba kuelekea kiganja na kusukuma vidole vingine nje, visu vipate kubanana.

Kesho yake nilimwomba yule mtoto msamaha mbele ya wenzake, nikamwonyesha hivyo. Kabla ya kengele alikuwa amekata samaki, mkia wake umepotoka kidogo, akaenda nao nyumbani kumwonyesha mama yake.

Maswali: Mkono wa pili hufanya kazi gani? Kwa nini karatasi ya yule mtoto ilikunjika?