Punda Niliyemnunua, Mwenzangu Alimkataa

Ndugu msomaji, leo naanza kwa kujisema mwenyewe. Kutoka nyumbani kwangu Magomeni hadi msikiti ninaoswali ni mwendo wa dakika 12 tu. Pamoja na ukaribu huo, kwa miaka mingi nilikwenda kwa gari, na gari likiwa gereji nilipanda bodaboda. Siku daktari aliponiambia sukari imepanda, aliniuliza: "Mzee wangu, kwa siku unatembea kiasi gani?" Nikakosa jibu.

Nilipotoka pale nikaikumbuka hadithi ya Ubayy bin Kaab (RA) iliyomo katika Sahih Muslim. Palikuwa na mtu Madina ambaye nyumba yake ilikuwa mbali na msikiti kuliko za wenzake wote, lakini hakukosa swala. Akashauriwa anunue punda wa kumpanda wakati wa giza na wa joto. Akakataa, kwani alitaka hatua zake za kwenda msikitini na za kurudi kwa ahali zake ziandikwe. Mtume (SAW) akamfahamisha kuwa Allah (SW) amemkusanyia yote hayo. Mimi nilimnunua punda ambaye mwenzangu alimkataa!

Na Mtume (SAW) mwenyewe alikuwa akiuzuru msikiti wa Quba kila Jumamosi, mara akipanda mnyama, mara kwa miguu.

Sasa tuwasikilize wataalamu. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka. Nikapiga hesabu. Dakika 12 kwenda na 12 kurudi ni 24. Kwa Alfajiri na Isha peke yake ni 48 kwa siku, yaani 336 kwa wiki!

Lakini hapa pana adabu ya kuchunga. Tumefundishwa tuiendee swala kwa utulivu, hata tukisikia iqama. Basi mimi hutoka mapema nikaenda taratibu, na mwendo wa haraka nauweka wakati wa kurudi. Wala tusitishwe na zile hatua 10,000 zinazotajwa kila mahali. Idadi hiyo ilienezwa na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani miaka ya 1960. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2019 kwa wanawake wazee ulionyesha kuwa waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700.

Je, nini kinamfanya mtu atembee na asiache? Kwanza ni lengo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa waliovaa kifaa cha kuhesabu hatua waliongeza zaidi ya hatua 2,000 kwa siku, na kujiwekea lengo kulikuwa na mchango mkubwa. Muislamu amepewa lengo mara tano kwa siku.

Pili ni mwenza. Jirani yangu hunigongea dirisha kabla ya Alfajiri. Bila yeye, ningekwisharudi kwenye bodaboda.

Tatu ni njia, na hapa ndipo penye tatizo. Mitaa yetu mingi haina taa, mitaro haina vifuniko, na pembeni palipobaki pa kupita pameegeshwa magari. Tunawaambia mama zetu na dada zetu watembee, watembee wapi? Kamati zetu za misikiti hukusanya michango ya mazulia na feni. Kwa nini tusichangie pia taa mbili za uchochoroni na mifuniko ya mtaro, huku tukiwabana viongozi wa mtaa watimize wajibu wao? Kuondoa chenye kuudhi njiani ni sadaka. Na tuanze na sisi wenyewe, kwani Ijumaa ni magari yetu ndiyo yanayoziba njia.

Huu ni mwezi wa nane nikitembea. Sukari imeshuka, ingawa dawa naendelea kunywa kama nilivyoelekezwa. Mwenye maradhi aanze kwa kumuuliza daktari wake, na mwenye kisukari akague miguu na viatu kila siku.

Ndugu yangu, Alfajiri ya kesho uache ufunguo wa gari mezani. Nia iwe ni swala, na afya itakuja juu yake, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.