SOMO LA ROBO HII: HENDIBREKI YA PIKAPU ISIISHE KABLA YA WAKATI WAKE



Mnaoifahamu Butimba mnajua mawe na miinuko yake. Pikapu inayobeba saruji au mabomba ya kisima, au inayopandisha mgonjwa kilimani Bugando, husimama kwenye mteremko mara nyingi kwa siku. Dereva akishashuka, kinachoizuia isiserereke ni hendibreki. Nyuma yake huwa wapo watoto, tena mara nyingi watu bado wanashusha mizigo. Hata hivyo, katika bajeti nyingi za magari tunaona matairi na dizeli, lakini hendibreki haitajwi mpaka iwe imekufa.

Kwanza tuelewe inavyofanya kazi. Katika pikapu nyingi, kama Hilux, mkono ukivutwa huvuta waya, na waya husukuma breki shuu zibane dramu za magurudumu ya nyuma. Gari likiwa limesimama, shuu hazisuguliki, hivyo hendibreki inayotumika kuegeshea tu haina sababu ya kuisha upesi. Ikiisha baada ya miezi michache, maana yake kuna kitu kinabana wakati gari linatembea, au kuna uchafu ndani ya dramu.

Sababu ya kwanza ni mkono usioachiwa wote. Hilux za zamani zina mkono wa kuvuta chini ya dashibodi, ambao hauachii usipozungushwa. Dereva mwenye haraka huuacha nusu, akaondoka. Taa nyekundu ingemwambia, ila katika magari mengi ya zamani balbu yake iliungua siku nyingi.

Sababu ya pili, na kwa maoni yetu ndiyo inayokula fedha nyingi zaidi za parokia, ni waya na vikono vyake kuganda. Mpira unaofunika waya ukichanika, tope la masika na mchanga wa ufukweni huingia, kutu inafuata. Dereva anaachia mkono, lakini kule kwenye gurudumu shuu hazirudi. (Wale wanaoingiza gari ziwani ili kulioshea, tabia hii inawagharimu, mbali na kuchafua maji tunayokunywa.) Fundi akibadilisha shuu bila kulainisha au kubadilisha waya, shuu mpya zitakwisha vilevile.

Ipo pia kasoro ya marekebisho. Hendibreki ikilegea, fundi wa haraka hukaza waya tu. Mkono unakuwa mgumu na dereva anafurahi, kumbe shuu sasa zinagusa dramu muda wote. Utaratibu ulio sahihi ni kurekebisha shuu kwanza kwenye gurudumu, kisha waya. Baada ya hapo magurudumu yote mawili ya nyuma yainuliwe na kuzungushwa kwa mkono: yazunguke bila kukwaruza.

Oili nayo huharibu shuu. Tundu la kupumulia la difu likizibwa na tope, joto huongeza msukumo ndani, na oili hupenya kwenye oili sili hadi kwenye dramu. Shuu iliyolowa oili haifai kukaushwa ikarudishwa. Ibadilishwe pamoja na sili, na tundu lizibuliwe.

Land Rover Defender na Land Cruiser za zamani ni tofauti. Hendibreki yake hushika shafti nyuma ya giaboksi, si magurudumu. Kuivuta gari likiwa kwenye mwendo kunaiharibu. Hatari kubwa zaidi ni wakati wa pancha: gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu huliruhusu lizunguke, na gari laweza kuondoka ingawa mkono umevutwa kabisa. Kabla ya jeki, magurudumu yaliyobaki yawekewe mawe mbele na nyuma. Mwanza hatuna upungufu wa mawe!

Wakati wa kuegesha, dereva akanyage breki ya mguu, avute hendibreki, aachie mguu taratibu aone kama gari limeshika, ndipo aweke gia. Kwenye kivuko, kama kile cha Kisorya kwenda Rugezi, aongeze kigingi kwenye tairi.

Tahadhari kwa mafundi: vumbi la ndani ya dramu lisipulizwe kwa upepo, maana shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huleta saratani. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa.

Tunaomba kila kamati iweke daftari ndani ya gari. Dereva aandike kila wiki mkono unapanda milio mingapi, na baada ya safari asogeze kiganja karibu na magurudumu ya nyuma bila kuyagusa. Moja likiwa na joto kuliko jenzake, gari lipelekwe gereji kabla ya safari nyingine. Nakala za kurasa hizo ziambatanishwe na taarifa ya gari ya robo ijayo, pamoja na stakabadhi za vipuri.